Bendera Ilipokwama Katikati ya Mlingoti

Kanja, Embu
Jumanne, baada ya kukama

Kwa mwanangu Karimi,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa na nguvu, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuinua wagonjwa uwe umetulia. Sisi huku tu wazima, ila mafua ya hii baridi ya mwezi wa saba yamepita nyumba hadi nyumba kama mtu anayeuza samaki. Ng'ombe amezaa, lakini ni dume. Majani chai yako sawa. Ndugu yako Muchangi bado yuko na ile kazi yake ya dukani Embu mjini, na bado hajaoa, usiniulize.

Na wewe unakula? Ann ameniambia ati huko hospitalini mnakula mkate mkiwa mmesimama. Mwanangu, chakula kinataka mtu akae. Hata kama ni kidogo, kaa.

Utashangaa kuona barua. Siku hizi nani anaandika? Lakini wewe unaijua simu yangu. Bila spika sisikii, na nikiweka spika hata ng'ombe anasikia. Na hili ninalotaka kukuambia si la kusikiwa na baba yako. Huyu rafiki yako Ann alipokuja kunisalimia akasema anarudi huko Kanada karibuni, na bahasha moja haiwezi kuujaza mzigo wake. Ndiyo nimekaa hapa jikoni na kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kalamu niliishikia ngumbaru, ile shule ya watu wazima, na mwalimu wetu alitufundisha kwa Kiswahili. Kiembu changu ni cha mdomo. Nikikiandika, hata mimi mwenyewe nashindwa kukisoma. Mahali nimekosea, soma tu na moyo.

Wacha nianzie pale mambo yalipoharibika. Unayajua, lakini unayajua kwa upande wako, na mimi nilikuwa upande huu.

Unamjua baba yako na bendera yake. Kazi ya uaskari wa utawala aliifanya mpaka nywele zikawa nyeupe, na pale kambi ya chifu Ishiara ni yeye alikuwa anaipandisha na kuiteremsha. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Yeye akanunua bendera, akakata mkaratusi ulionyooka, akausimamisha hapo karibu na lango. Asubuhi firimbi, jioni firimbi. Na watu wa hii njia yetu, kwa vile wamezoea ya kwa chifu, firimbi ikilia wakasimama. Mara ya kwanza walisimama wakicheka. Unakumbuka Gatakaa, jirani yetu wa hapo chini, alisimama na mzigo wa majani ya napier mgongoni, akapaza sauti akamwambia, Njiru, harakisha, hii Kenya yako ina uzito! Lakini alisimama. Chifu mwenyewe alikuja kuiangalia, akanywa chai, akasema bora isichakae.

Na haijachakaa. Mimi nafua mashuka, nafua suruali zake, lakini hiyo sijawahi kuifua. Anaifua mwenyewe kwa beseni lake, anaianika kivulini chini ya paa ili jua lisile ile nyekundu, anaipiga pasi ya makaa. Upepo ukitafuna ukingo, anavaa miwani anashona. Siku moja nilitaka kuitumia kufunika unga wa uji mvua ilipotushika, akanitazama kama nimetaka kumfunika mbuzi kwa Biblia.

Sasa ile picha yako ya mwezi wa tatu. Muchangi alikuja nayo kwa simu, akiwa na furaha. Wewe umesimama kwa ukumbi mkubwa, umeshika kibendera chenye jani jekundu, mdomo umecheka na machozi yanateremka. Baba yako akauliza hao watu wanafanya nini. Muchangi, wewe unajua mdomo wake hauna breki, akamweleza ati umekuwa raia wa huko, na ati mnainua mkono mnaapa kwa mfalme wa Uingereza. Njagi, rafiki wa baba yako, alikuwa hapo kwa kiti, akataka kuleta mzaha. Akasema kama bendera inaweza kuwekwa jani, basi jirani zetu Wambeere nao watengeneze yao yenye jani la muguka, ile miraa yao, wawe nchi. Tukacheka mimi na Muchangi. Baba yako hakucheka. Aliangalia tena yale machozi yako. Halafu akasema, Karimi ni mama yangu.

Wewe ni kifungua mimba, ulipewa jina la mama yake kama desturi yetu inavyosema, na tangu uzaliwe hajawahi kukuita mtoto, anakuita mama. Na huyo mama yake, wakati wa Emajensi, ile vita ya Mau Mau, alichimba handaki na mtoto mgongoni, chini ya bendera ya malkia, mama wa huyo mfalme, akichapwa asiinue kichwa. Mtoto wa mgongoni alikuwa ni kaka mkubwa wa baba yako, hakuona mwaka wa pili. Kwa hivyo yeye akasema, jina la mama yangu limepelekwa kuapa kwa wale waliomchapa, na limelia kwa furaha. Akatoka nje. Jioni hiyo akaiteremsha bendera bila firimbi, akaikunja, akaiweka kwa sanduku la mbao, na asubuhi hakuipandisha.

Uliponipigia na kuniuliza kwa nini hataki simu, nilikuambia ana shughuli na ng'ombe. Alikuwa na shughuli na ng'ombe, ndiyo. Simu yako ikilia tu, ng'ombe anapata mgeni.

Kitu ambacho sikukuambia ni vile alianza kuisha. Mtu aliyekuwa anamwamsha jogoo, sasa jua linaingia mpaka kitandani linamkuta. Anakunywa uji nusu kikombe, anageukia ukuta. Mshipi ametoboa tundu jipya, halafu lingine. Hospitali wakasema presha ni nzuri, sukari ni nzuri. Mimi nikawa silali. Mwanaume akizoea kitanda, kitanda nacho kinamzoea. Na hii njia nayo ikaharibika. Watoto wa shule wakaanza kuchelewa kwa sababu mama zao walikuwa wanasikilizia firimbi, na Gatakaa, yule yule wa kulalamika uzito, akaja kuniuliza kama Kenya imefungwa.

Nikaomba Mungu, nikapata wazo. Sijui kama lilitoka kwake. Nilijiambia hivi: huyu mtu akiniona nimeishika bendera vibaya, atatoka kwa hicho kitanda hata kama ni kwa hasira. Hasira ni afadhali.

Basi Jumatatu moja nikaitoa kwa sanduku, nikaosha mikono kwanza, nikaenda kwa mlingoti. Nikaifunga vile nilikuwa nimemwona akiifunga, nyeusi juu, nikavuta. Nikakohoa kwa nguvu ili asikie. Ikapanda vizuri, nami nikaanza kujisifu rohoni. Ilipofika katikati, ikakataa. Kamba ilikuwa imelala miezi bila kutumika, ikaumana kwa kile kigurudumu cha juu. Nikavuta, ikakataa. Nikarudisha chini, ikakataa pia. Nikaangalia dirishani, pazia halikutikisika. Na gari la maziwa huwa halingojei mtu. Nikasema nitakuja kuimalizia. Nikabeba mkebe wangu nikaenda, nikaacha simu mezani kando ya kitanda, ikipata chaji.

Karimi, mimi nilisoma kidogo, lakini mambo ya mlingoti nimeyaona miaka yote hiyo. Ningetazama mara mbili ningejua. Lakini akili yangu ilikuwa kwa maziwa.

Gatakaa akafungua mlango wake, akaona bendera ya Njiru, ambayo haijaonekana tangu mwezi wa tatu, imesimama nusu mlingoti. Wewe niambie, angefikiria nini? Mzee amekuwa mgonjwa, haonekani hata kanisani, halafu bendera yake nusu. Hakuja kuuliza. Alianza kulia papo hapo kwa mlango wake, na kilio cha Gatakaa unakijua, kinavuka mto. Kufika wakati ninarudi kutoka kwa maziwa, boma limejaa. Wanawake wa kikundi wameshaweka mawe matatu ya moto, sufuria ya kanisa iko juu. Kuni zinatupwa chini. Sukari, majani, mkate, debe la maharagwe. Vijana wameanza kufunga turubai. Na mzee wa kanisa ameshaanzisha wimbo.

Mwanangu, mimi ndiye nilikuwa nimeipandisha hiyo bendera, na bado niliposikia kilio kikitoka kwangu nilisema, Njiru amekufa nikiwa kwa foleni ya maziwa. Mkebe ukaanguka. Wakanishika mikono, na mimi nikalia, na wao waliponiona nalia wakalia zaidi. Watu waliamini bendera, na mimi nikaamini watu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia ndani kuangalia, kwa sababu kila mtu alifikiri mwingine ameingia, na kwa heshima walikuwa wananingoja mimi.

Nikaingia. Nilimkuta amelala chali, blanketi mpaka kidevuni, macho wazi. Nikapiga magoti. Akaniuliza, wameleta nini?

Nikashindwa kama nimpige ama nimkumbatie. Nikampiga kidogo begani, nikalia, nikacheka. Nikamwambia kuna kuni na sukari na maharagwe. Akasema maharagwe mekundu ama yale ya njano? Halafu akaketi. Nikaona macho yake ni mekundu, nikafikiri ni kwa sababu ya moshi wa nje.

Alivaa lile koti lake la kazini, akaufungua mlango. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Gatakaa alikaa chini kwa kuni. Mtoto mmoja akapiga kelele akakimbia. Ni Njagi peke yake aliyepata la kusema. Alimwambia, Njiru, rudi ndani ulale, sukari imeshachangwa na hatuwezi kuirudisha dukani! Watu wakacheka, wale wa kulia wakiwa bado wanalia. Baba yako akampita. Alienda moja kwa moja kwa mlingoti, akaitikisa ile kamba hivi na hivi, ikatii, akaiteremsha bendera kwa mikono yake. Akaniambia mbele ya watu wote, hata kama ningekuwa nimekufa, Nelius, bendera ya msiba inapanda kwanza mpaka juu, ndipo inashuka nusu. Nikasema nimesikia. Akatoa firimbi mfukoni, akapuliza.

Na wote wakasimama. Watu wa matanga, na miiko mikononi, na turubai nusu imefungwa. Mzee wa kanisa akatoa kofia. Bendera ikapanda mpaka juu. Kisha chai ikapikwa, kwa maana maji yalikuwa yameshachemka, na maombi yakageuzwa ya shukrani, na maharagwe yakalika yote. Tangu siku hiyo anaamka. Uji anamaliza. Mshipi umerudi tundu moja.

Hayo mengi umeambiwa na Muchangi, na wewe mwenyewe ulifikiwa na ile habari ya kifo. Njagi alikuwa amempigia Muchangi, na Muchangi kabla hajauliza mara ya pili akakupigia wewe huko ukiwa usingizini. Nilimgombeza mpaka sauti ikapotea. Mpaka walipokufikia tena wakakuambia baba yu hai, ulikuwa umeshalia peke yako kwa nyumba ya kupanga, bila mtu wa kukushika mkono. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Jioni hiyo uliniuliza kwa nini asubuhi nilishika simu yako na nikanyamaza. Ukasema ulipiga, ikashikwa, ukaongea na kulia na kuongea, na hakuna aliyekujibu, halafu ikakatika. Mimi sikuelewa. Nikakuambia labda ni mtandao. Ndivyo nilivyofikiri kwa kweli, kwa maana nilikuwa bado barabarani na mkebe wangu.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulikuwa tumekaa nje kwa jua tukichambua maharagwe ya mbegu. Bila kuniangalia, baba yako akasema, ile simu ya Karimi ni mimi niliishika.

Nikaacha kuchambua. Akaniambia yote, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Ati aliona kwa dirisha bendera ikikwama nusu, na alijua maana yake kabla ya mtu yeyote hapa Kanja. Angeita. Lakini alisema moyoni, wacha Nelius ajifunze kwamba kamba haikokotwi kama mbuzi. Halafu akasikia kilio cha Gatakaa, na angetoka. Hakutoka. Alitaka kusikia ni nani atamlilia. Ati hakuwa anangoja Gatakaa. Ndipo simu ikalia hapo mezani na jina lako.

Anasema alitaka kusema, ni mimi. Ulimi ukakataa, sawa na ile kamba. Na wewe ukawa umeshaanza, ukiita Mama, Mama, ukifikiri ni mimi nimezidiwa. Akasikia ukisema hukuomba uraia ili umwache, uliomba kwa sababu bila hiyo karatasi ulikuwa unaogopa kutoka huko uje kutuona, usije ukafungiwa nje ukapoteza kazi. Na akasikia habari ya ile picha. Ati mlipopewa vile vibendera, chako kikateleza kutoka kwa kiti, nawe ukakidaka kwa goti kabla hakijagusa sakafu, na ukamsikia baba yako akikukemea kwamba bendera haigusi chini, kama vile yuko nyuma yako. Ukacheka, ukalia, na hapo ndipo mtu akakupiga picha. Ukasema ungemwambia hivyo, ulikuwa unangoja tu akubali simu, na sasa utamwambia nani.

Alipofika hapo, alichukua maharagwe mazuri akayatupa kwa mabovu, na mabovu akayaweka kwa mazuri. Sikumrekebisha. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia yu hai, hata neno moja. Akasema, mtu akishasikiliza maneno ya msiba wake mwenyewe, atasema nini? Ati aliona haya. Akakata simu, akavuta blanketi. Yale macho mekundu niliyoyaona hayakuwa ya moshi.

Amenikataza nisikuambie. Miaka hii yote ya ndoa sijamvunjia neno kubwa, lakini hili nimelivunja, na Mungu ataniuliza nikifika. Sikutaka ukae huko ukifikiri ulilia kwa simu tupu. Haikuwa tupu. Alikuwepo.

Sasa sikia kitu kingine. Tulipomaliza kuchambua, alizifunga mbegu kwa kitambaa, fundo mara mbili. Kisha akaniuliza, huko kwao theluji ikianguka, ile bendera yao huwa wanaiteremsha ama wanaiacha ilowe? Nikamwambia mimi Kanada sijafika. Akasema, basi kuna mtu anayejua. Nimekaa na huyu mzee, namjua. Zaidi ya hapo hatasema.

Kwa hivyo ukipata barua hii, piga. Usiseme nimekuandikia. Nisalimie mimi kidogo tu, halafu uniombe nimpe simu. Safari hii hataenda kwa ng'ombe, nitasimama mlangoni. Akishaishika, msalimie, kisha wewe nyamaza. Usimwonee huruma ukaanza kuongea. Mwache yeye atafute neno. Atauliza ya theluji. Na kama huko hawaiteremshi, mwanangu, mwambie polepole.

Gatakaa anakusalimia, na anasema kilio chake hakirudishwi, utamlipa kwa leso ukija. Njagi pia anakusalimia. Mwambie Ann asante, na amkumbushe mama yake ile sufuria ya kanisa, maana ilibaki kwao. Vaa soksi mbili. Kaa chini ukila. Tunakuweka mikononi mwa Mungu, asubuhi na jioni.

Ni mimi mama yako akupendaye,
Nelius wa Njiru